Kisa Kimoja cha Ukoo: Mwongozo kwa Anayeanza Kuandika Habari za Wazee Wake

Kila watu wapya wanapoingia katika kundi letu la uandishi hapa Uganda, maswali ni yaleyale. "Nataka kuandika habari za ukoo wetu, nianzie wapi?" "Babu alikuwa na wake wanne, nimweke nani mbele?" "Wazee wamekwisha, nifanyeje?" "Shangazi akisoma je?" Nimeyakusanya majibu hapa ili ukiingia usisubiri mtu apate nafasi ya kukujibu.

Jambo moja kwanza. Usianze na historia ya ukoo mzima. Wengi huja na nia ya kuandika kitabu kuanzia safari ya mababu kutoka Sudan mpaka wajukuu wa leo, na baada ya kurasa tatu wananyamaza. Mwongozo huu ni wa kuandika kisa kimoja, cha mtu mmoja, maneno 600 hadi 800, ambamo kila habari ina mwenyewe: msomaji ajue nani alisema, nani aliona kwa macho, na ni wapi unakisia. Ukimaliza kimoja, cha pili kitakuwa rahisi zaidi.

Unachohitaji

- Daftari la jalada gumu na kalamu. Karatasi mojamoja hupotea.
- Simu yenye kinasa sauti na nafasi ya kutosha. Ijaribu nyumbani kwanza.
- Pawabenki, kwa sababu umeme hauna ahadi.
- Orodha ya wazee walio hai, ikianza na mkongwe kuliko wote au aliye mgonjwa. Huyo ndiye wa kwanza kutembelewa, hata kama anakaa mbali.
- Mtu wa kukutambulisha, hasa upande ambao hujazoeleka. Mara nyingi ni shangazi.
- Nauli, na kitu cha mkononi: sukari, mkate, sabuni.

Kompyuta si lazima. Wala usingoje mpaka upate nyaraka za kikoloni.

Hatua ya 1: Weka watu wako kwenye ukurasa mmoja

Wewe ni namba 1. Baba yako ni 2, mama yako 3. Babu mzaa baba 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Namba ya mtu yeyote ukiizidisha kwa mbili unampata baba yake. Ukiongeza moja unampata mama yake. Kwa hiyo mama wa bibi mzaa mama yako ni 15. Vizazi vinne ni watu 15, vitano ni 31. Usiyemjua, mwachie nafasi wazi na namba yake.

Sasa tazama nafasi zilizo wazi. Karibu kila anayefanya zoezi hili hukuta pengo upande wa wanawake. Katika koo zetu nyingi mtoto hufuata upande wa baba, na Muganda aliyelelewa vizuri anaweza kukutajia baba, babu na waliowatangulia bila kusita, lakini ukimuuliza namba 5 alizaliwa wapi na kwa nani, anakuna kichwa. Ushauri wangu ni kuanza na wanawake hao. Habari zao ziko kwa watu wachache, na watu hao ni wazee.

Ukurasa huu ni wa waliokuzaa tu. Wake wengine wa babu na watoto wao wapate ukurasa wa pili: nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, na kuendelea, kwa mpangilio wa ndoa.

Hatua ya 2: Safisha majina

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo soma polepole.

Usifuatilie ukoo kwa jina la mwisho. Uganda ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Kwa Waganda majina mengi ni mali ya ukoo, na hutolewa tena: mtoto hupewa jina la babu aliyefariki. Ukikuta jina moja mwaka 1920 na tena mwaka 1975, hao huenda ni watu wawili wenye vizazi viwili katikati.

Cheo si jina. Nnalongo ni mama wa mapacha, Ssalongo ni baba yao. Wasswa na Kato, Babirye na Nakato ni majina ya mapacha wenyewe, na Kizza ndiye anayewafuata. Ukiandikiwa "bibi aliitwa Nnalongo", bado hujapata jina. Uliza aliitwaje kabla ya kuzaa mapacha. Haji na Hajati nazo ni hivyo hivyo. Kwa Wanyoro na Watooro mzee anaweza kujulikana kijiji kizima kwa empaako yake: Amooti, Akiiki, Atwooki, Adyeri. Majina hayo ya heshima ni machache na yanatumiwa na watu maelfu, kwa hiyo yaandike, kisha utafute jina lingine. (Desturi hiyo iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukiwa na mzee wa Tooro au Bunyoro, mwombe akueleze nani alimpa empaako yake. Utapata kisa.)

Halafu maneno ya undugu. "Baba" anaweza kuwa baba mzazi, baba mkubwa au baba mdogo. "Ndugu yangu" anaweza kuwa binamu. Kwa Waganda mrithi anayesimikwa siku ya okwabya olumbe, yaani matanga ya kumaliza msiba, anaweza kuitwa baba na watoto wa marehemu ingawa ni kijana kuliko wao. Usiandike "baba yake" kabla ya kuuliza: ni wa kumzaa? Mama yenu ni mmoja?

Hatua ya 3: Chagua swali moja

"Nieleze maisha ya babu" si swali. Mzee atakujibu kwamba alikuwa mtu mwema, basi. Chagua jambo lililotokea mara moja na ambalo mtu aliweza kuliona: Kwa nini babu alihama Arua kwenda Bombo? Bibi alisafirije siku aliyoolewa? Nani alifunga duka mwaka 1972, na ufunguo alipewa nani? Swali dogo humfungulia mzee mlango. Mengine atayasema mwenyewe.

Hatua ya 4: Nenda kwa mzee

Piga simu kwa mtu wa nyumbani, usimvamie. Fika asubuhi, mzee akiwa na nguvu. Salimu kwa desturi ya nyumba hiyo. Kama pale watoto hupiga magoti, piga magoti. Hata mwenye shahada. Mpe ulichomletea, uliza afya, sikiliza habari za mvua na mahindi. Kazi haianzi mpaka yeye aianzishe.

Omba ruhusa ya kurekodi, na uirekodi hiyo ruhusa. "Jajja, naomba niiweke sauti yako kwenye simu hii, watoto waje waisikie. Unakubali?" Mweleze pia kwamba unataka kuandika na kwamba watu wasio wa ukoo watasoma. Usimfiche hilo. Mzee aliyedhani anazungumza na mjukuu tu ana haki ya kukasirika akijikuta anasomwa na wageni.

Weka simu katika hali ya ndege ili mlio usikate maneno. Iweke juu ya kitambaa, karibu naye, mbali na redio na kuku. Mwanzoni sema tarehe, mahali, na waliopo. Kisha nyamaza. Akituliza sauti, usijaze kimya kwa swali jipya, anakumbuka.

Maswali yanayozaa:

- "Siku hiyo ulikuwa wapi? Umekaa na nani?"
- "Wewe uliliona, au uliambiwa? Na nani?"
- "Mlikula nini? Mlipita njia ipi?"
- "Nani mwingine aliyekuwapo bado yu hai?"

Swali la pili ndilo la muhimu kuliko yote. Liulize kwa upole na ulirudie kila habari mpya inapokuja. Bila jibu lake hutajua baadaye kama umeandika ushuhuda au uvumi.

Kama mzee anabadili lugha, mwache. Bibi wa Bombo ataanza kwa Kiswahili, akifika kwenye uchungu ataingia Kinubi, lugha ya kwao. Mwingine ataingia Kiganda au Kilugbara. Usimrudishe. Utatafuta wa kukusaidia kutafsiri baadaye, na maneno yake ya asili yabaki kwenye daftari kama alivyoyatamka.

Saa moja yatosha kwa siku. Mzee akichoka huanza kukubali kila unachosema.

Hatua ya 5: Tafuta mwaka kwa kutumia matukio

Wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa ya hakika. Iliyo kwenye ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, mara nyingi ilikadiriwa tu. Usiulize "mwaka gani?" Uliza "kabla au baada ya nini?" Nakili orodha hii nyuma ya daftari:

- 1931: reli inafika Kampala.
- 1953 hadi 1955: Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, yuko uhamishoni Uingereza.
- 1954: bwawa la Owen Falls linafunguliwa Jinja.
- 1956: reli inafika Kasese.
- 9 Oktoba 1962: uhuru.
- Mei 1966: jeshi linashambulia Lubiri ya Mengo, yaani jumba la Kabaka.
- 25 Januari 1971: Idi Amin anachukua serikali.
- Agosti hadi Novemba 1972: Waasia wanafukuzwa.
- Aprili 1979: Kampala inaangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda.
- 26 Januari 1986: NRM ya Museveni wanaingia Kampala.

Ongeza ya kwenu. Kwa Wagisu, mwanamume hasahau mwaka wa imbalu yake, yaani tohara, na imbalu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo akikuambia 1961 rudi ukaulize vizuri. Kwa watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, kukimbilia Sudan na Zaire baada ya Amin kuanguka, na kurudi, ni alama ambayo kila nyumba inayo. Mama akisema, "Nilikuwa na mimba ya huyu Wahindi wakiondoka," umeshapata mwaka, na karibu mwezi.

Hatua ya 6: Angalia karatasi zilizo nyumbani

Omba kuona sanduku. Ndani yake kunaweza kuwa na tikiti za kodi ya kichwa, iliyosimamishwa mwaka 2005, na ambazo wanaume wengi walizitunza kwa hofu ya kukamatwa. Karatasi za kuachishwa kazi Keya, yaani KAR, jeshi la wakati wa Waingereza. Hati ya nikaha. Ripoti ya shule. Picha yenye muhuri wa studio nyuma. Piga picha pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Karatasi isitoke katika nyumba hiyo hata kwa siku moja.

Kwa Wakristo, parokia za zamani zina madaftari ya ubatizo yenye majina ya wazazi na wasimamizi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, kwa hiyo usitegemee daftari la kabla ya hapo. Kwenye daftari la Kikatoliki tazama pia pembeni ya ukurasa: ndoa ya aliyebatizwa huongezwa hapo baadaye. Nyaraka za serikali ya kikoloni ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Wandegeya, Kampala, lakini usiende huko bila jina, mahali na miaka ya kukadiria. Utapotea kwenye mafaili.

Hatua ya 7: Sikiliza tena, uandike

Saa moja ya sauti inaweza kukula saa nne au zaidi za kuandika, kwa hiyo usinakili yote. Sikiliza mara ya kwanza ukiandika dakika na mada tu. Kisha nakili neno kwa neno zile sehemu ulizozihitaji.

Andika kisa kuanzia kwenye tendo. Acha sifa. Tazama mifano hii miwili niliyoitunga:

*"Babu yangu alikuwa mwanajeshi shujaa, mchapakazi, aliyependwa na wote."*

*"Shangazi anasema babu alirudi kutoka Bama (Burma) na koti la Keya, akawa analivaa kila Ijumaa kwenda msikitini hata jua likichoma. Baba mdogo anasema koti lilinunuliwa Kampala na babu hakuvuka bahari. Koti lenyewe lipo. Vifungo viwili si vya asili."*

Wa kwanza unaweza kubandikwa kwa babu yeyote. Wa pili ni mtu, na msomaji anajua kabisa nani alisema nini. Huna haja ya kuamua kati ya shangazi na baba mdogo. Waache wote wawili wazungumze.

Unapokisia, sema: "huenda", "nadhani, kwa sababu". Usibuni mazungumzo ya watu waliokufa na kuyatia alama za kunukuu kana kwamba uliyasikia. Ukitaka kuandika hadithi ya kubuni juu ya babu ni sawa kabisa, lakini iite hivyo juu kabisa.

Hatua ya 8: Rudi uombe ruhusa ya pili

Msomee mzee ulichoandika, kwa lugha yake. Atasahihisha majina, na mara nyingi ataongeza kilicho bora kuliko vyote. Mwulize waziwazi: lipi lisitoke nje? Likitajwa, litoe. Uganda tuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwapo, mtu aliyekupa habari zake sebuleni hakukupa ruhusa ya kuzisambaza.

Mambo manne nakusihi usiyaweke hadharani bila idhini ya wanaohusika, hata kama ni kweli tupu:

- Nani alimzaa nani, pale ambapo familia imenyamaza.
- Ugonjwa uliomuua mtu. Nyumba nyingi zilizopoteza watu kwa silimu, yaani UKIMWI, bado zina watoto walio hai ambao hawajaambiwa.
- Nani alikuwa upande gani katika vita, na nani alimchongea nani.
- Ardhi: mipaka, hati ya mailo (umiliki wa ardhi wa Buganda), nani alimpa nani kibanja, yaani kiwanja cha kukaa na kulima. Kisa chako kinaweza kuishia mezani kwa wakili.

Hili la nani alitoka wapi lina upande mwingine. Habari za asili zina uzito wa kisheria hapa kwetu: Katiba, inapoeleza nani ni raia kwa kuzaliwa, inataja jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Basi familia iliyowahi kuulizwa "ninyi mlitoka wapi?" kwa nia mbaya inaweza kuwa imejifunza kusema ilikuwapo tangu zamani sana, au kunyamaza. Usimbane mzee. Andika alivyosema, na uandike kwamba ndivyo alivyosema.

Hatua ya 9: Kifikishe kundini

Tuma kisa kimoja kwa mara moja. Juu yake weka mistari mitatu: nani amesimulia (kwa undugu, "bibi mzaa mama", si jina kamili), wapi na mwaka gani, na kama amekubali kisomwe. Ondoa tarehe kamili za kuzaliwa za walio hai, namba za vitambulisho na za simu, na picha za watoto. Matapeli wa pesa za simu wanajua kutumia jina la mama na kijiji alikozaliwa.

Kisha sema unataka nini. "Mnaonaje?" huleta vidole gumba. "Je, mnaelewa nani ni nani katika aya ya pili?" huleta jibu.

Nawe ukisoma cha mwenzako, usianze na "sisi tulisikia vingine". Uliza swali kwanza. Kama ukoo wenu unakutana na wake, mwandikie faraghani. Na kisa cha mtu hakitoki kundini kwenda kundi la ukoo wako bila ruhusa yake. Hili hatulegezi.

Hatua ya 10: Tunza sauti

Sauti ziwe mahali patatu: kwenye simu, kwenye kadi au flashi ndani ya nyumba nyingine, na kwenye Google Drive au barua pepe. Yape mafaili majina yanayoeleweka: mwaka-mwezi-siku, msimulizi, mahali. Nakala moja ipeleke kwa familia ya mzee. Ni yao.

Mambo yakikwama

*Wazee wamekwisha.* Watafute waliowalea watoto wa nyumba hiyo, majirani, wake wa wajomba, mwalimu wa madrasa. Hudhuria matanga: siku ya okwabya olumbe watu wa ukoo hukusanyika kutoka kila pembe. Usirekodi siku hiyo. Chukua namba za simu, utembelee baadaye. Na makaburi ya ukoo yasome, yaliyoandikwa.

*Mzee hataki kusema.* Mwache. Rudi kumsalimu bila daftari. Wengine husema wakiwa wanamenya matoke au wakitazama picha, si wakikabiliwa na simu.

*Analia au anatetemeka.* Zima kinasa sauti. Kaa naye, badilisha habari, usiondoke mpaka atulie, na mwambie mtu wa nyumbani. Waliopita Luwero ya miaka ya 1980 au kaskazini wakati wa vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, hawakudai simulizi yao iwe mazoezi ya uandishi.

*Miaka haikubaliani.* Hesabu miaka 25 hadi 30 kwa kizazi. Kama kati ya babu na baba kunatokea miaka 70, huenda kuna mtu umemruka, au ni majina mawili yanayofanana. Rudi Hatua ya 2.

*Ukoo umevuka mpaka.* Wakakwa wako Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Wasamia na Wateso wako Uganda na Kenya. Tahajia ya jina hubadilika kila upande, kwa hiyo litafute kwa sauti yake na uorodheshe kila namna lilivyoandikwa.

*Jamaa amekasirika baada ya kusoma.* Kiondoe kisa siku hiyohiyo, kabla ya kubishana. Mpigie, usimwandikie. Mwulize ni sentensi gani. Mara nyingi ni moja tu, na mara nyingi anayo habari ambayo wewe hukuwa nayo. Mwombe akusimulie, kwa masharti yaleyale ya Hatua ya 4.